Mshipa Wangu Umelala, na Wakwe Wanajua

Sikilizeni, jamaa zangu. Leo nimeaibika Koboko, tena mbele ya wakwe.

Jana mchana nilisinzia hapa Arua, mkono wa kulia ukining'inia nyuma ya kiti cha mbao. Nilipoamka, kiganja kilikuwa kimelegea kama jani la muhogo lililopigwa na jua. Hakiinuki! Kazi yangu ni kufundisha wagonjwa mazoezi ya viungo, kwa hiyo badala ya kuogopa nilifurahi. (Ndiyo, nilifurahi. Mnanijua.) Nikajifinya huku na huku. Mwenzangu kazini akanipima, akacheka: "Mshipa umelala tu."

Leo sasa, nilikuwa najitambulisha kwao Zainabu, mchumba wangu. Shangazi yake, Hawa, ndiye mwenye neno: akikataa, harusi hakuna. Nikanyoosha mkono kumsalimia. Kiganja kikaanguka.

"Mukwe, wewe iko mugonjwa?"

"Hapana, shangazi. Mshipa wangu umelala."

Baba mkwe akakohoa. Nikadhani wanataka elimu. (Mdomo huu!)

"Msijali," nikasema. "Mshipa ni kama waya wa klachi ya bodaboda: uzi ndani, ganda nje. Unaumia kwa namna tatu. Ya kwanza, waya ni mzima, umebanwa tu. Huamka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Hiyo ndiyo yangu. Ya pili, uzi wa ndani umekatika, ganda limebaki. Uzi huota tena humo humo, kama milimita moja kwa siku."

"Milimita moja!" Shangazi akashika kichwa. "Na harusi iko karibu!"

"Ya tatu, vyote vimekatika. Hapo ni daktari kushona."

"Kushona!" Baba mkwe akabana magoti.

Shangazi akatoka, akarudi na kikombe cha maji ya mizizi, machungu kama shubiri. Nikanywa yote kwa heshima.

"Asante, shangazi. Hii itanisaidia kushika kalamu?"

"Kalamu? Bwana yangu alikunywa hii, akazaa mapacha!"

Ndipo nikaelewa ni mshipa gani waliodhani umelala. Nilitamani ardhi inimeze, na kikombe chake.

Zainabu alikuwa mlangoni, kitenge mdomoni, machozi ya kicheko yakimtoka. "Shangazi, ni mkono! Mkono ndio umelala!"

"Sasa kwa nini yeye hapana sema mukono?" Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta macho. "Mupe yeye mutoto wetu. Huyu hata akitaka, hawezi danganya mutu."

Nimekubaliwa, ingawa mizizi bado inanguruma tumboni. Nawe usicheke. Usisinzie mkono ukining'inia kwenye kiti. Kiganja kikianguka, nenda upimwe ujue ni namna ipi. Na ukifika kwa wakwe, taja mkono kwanza, mshipa baadaye.