Sikuanguka, Nilikaa Tu

Jumatatu, 4 Machi

Binti yetu amepiga simu. Anakuja Jumamosi na mumewe, eti kuangalia tunavyoishi. Najua maana yake! Tangu mwezi uliopita nilipokaa chini ghafla bafuni (sikuanguka, nilikaa), hana wimbo mwingine: tuhamie kwake, ghorofa ya juu kabisa, chumba kimoja na wajukuu. Mimi, niliyefundisha michezo maisha yangu yote, nibanwe pembeni kama begi la mgeni!

Mke wangu hakubishana naye. Alimwambia karibuni, mtaikuta nyumba iko tayari. Kisha akachukua futi yake, maana ni fundi cherehani, akaanza kunipima huku nakunywa chai. Kiwiko. Goti. Mkono ulionyooshwa. Nikafurahi. Suti mpya! Nikavuta tumbo ndani.

Si suti. Ni vyuma vya kushikilia, vya bafuni na chooni. Tumbo nikaliachia.

Jumanne, 5 Machi

Fundi ujenzi amekuja na drili. Kelele, vumbi. Alipomaliza, mke wangu alikishika chuma cha bafuni akaning'inia kwa uzito wake wote. Kikacheza. Akamwambia fundi amekifunga kwenye plasta, hajafika kwenye tofali, akirudie. Fundi akadai kinatosha. Mke wangu akasema basi aning'inie yeye. Fundi akakirudia, kimya kimya. Mwanamke huyu! Angekuwa kocha, tungechukua makombe.

Lakini zulia langu dogo la ukumbini, nililopewa siku ya kustaafu, limetolewa sakafuni. Eti linateleza. Sasa linaning'inia ukutani kama picha ya marehemu. Kingo za ngazi za mlangoni zimepakwa rangi nyeupe, zionekane vizuri. Nimemwambia mke wangu tumetundika bango: HAPA WAZEE. Akaniambia, "Mwalimu, sogea, unakanyaga rangi."

Msiba mwingine: jirani yetu Chuma. Ana umri wangu ila anajifanya kijana. Aliviona vyuma vikiingizwa, akauliza kama tuna mgonjwa. Nikamjibu ni vya mazoezi. Macho yakamtoka! Anataka kuja kuvijaribu.

Jumatano, 6 Machi

Leo jikoni. Sufuria zote zimeshushwa kutoka rafu za juu. Kila anachokihitaji mke wangu anakifikia bila kuchuchumaa wala kudandia. Kuna kiti kirefu cha kumenyea viazi akiwa amekaa. Swichi ya taa imehamishiwa karibu na kitanda. Kiti changu cha sebuleni kimeinuliwa kwa vipande vya mbao, kwa kipimo cha goti langu.

Nilikigomea. Alipotoka nikakikalia. Nikainuka bila kuguna. Nikakaa tena, nikainuka tena. Sijui amewezaje. Kwa futi tu! Hakuna aliyeniona, kwa hiyo bado nimekigomea.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata akili! Binti akiviona hivi vyuma, atasema nini? Atasema wazee wamechoka, pakia mizigo. Asipoona kitu, ataona nyumba ya watu wazima wenye nguvu zao. Ni hesabu nyepesi.

Mke wangu alipokwenda kumpelekea mteja gauni, nilichukua bisibisi. Chuma cha bafuni: nimekifungua, nimekificha chini ya kitanda. Cha chooni kimegoma (yule fundi safari hii alikaza kweli), kwa hiyo nimekitundikia taulo nyingi. Kimekuwa mlima wa taulo. Hakishukiwi.

Jumamosi, 9 Machi

Wamefika mapema. Nikaenda kuoga haraka ili nionekane mbichi. Sabuni machoni. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chuma. Ajabu, siku chache tu na mkono umeshazoea! Chuma hakipo.

Nikakaa chini ghafla.

Sikuumia, ila kuinuka nilishindwa. Mlango nilikuwa nimeufunga. Kumbe mke wangu alibadilisha hata kitasa. Kinafunguliwa kwa nje. Akaingia. Hakupiga kelele. Alinifunika taulo, akaniuliza wapi panauma, akaleta kiti. Geuka ubavu. Piga magoti. Mikono kwenye kiti. Mguu mmoja kwanza, Mwalimu. Nikasimama. Sauti yake ilikuwa tulivu kama anatia uzi kwenye sindano.

Binti alikuwa mlangoni analia. "Mnahama leo! Leo hii, mama!"

Hapo nilijua nimetuponza. Nyumba hii tuliijenga chumba kwa chumba.

Mke wangu aliuliza chuma kiko wapi. Nikasema chini ya kitanda. Akakileta, akakifunga mwenyewe mbele yetu sote, akaning'inia. Hakikucheza. Kisha akamshika binti mkono, akamzungusha nyumba nzima. Akapanda na kushuka ngazi. Akakaa chooni na nguo zake, akainuka. Akamwonyesha simu ukutani, yenye namba kubwa, na jina la binti juu kabisa. Binti akaanza kusema labda, kwa sasa, atatukubalia. Mke wangu akamkatiza, kwa upole.

"Mwanangu, siombi ruhusa. Nakuonyesha tu."

Nimemuoa mwanamke huyu tangu ujana na bado ananiacha mdomo wazi.

Binti alimkumbatia. Tunabaki! Mkwe wetu alikikalia kiti changu, akainuka, akakikalia tena, akaomba na wao wapimiwe kwao. Nikawaeleza kwamba kile chuma nilikitoa makusudi, kuijaribu mipango ya dharura. Hakuna aliyenijibu. Nadhani walivutiwa sana.

Jumapili, 10 Machi

Chuma amekuja kufanya mazoezi. Mke wangu akamweleza ukweli wote. Hakucheka! Ameomba naye awekewe, na mkewe pia. Mke wangu yuko huko sasa hivi na futi yake. Nasikia chuma chao kitakuwa kirefu kuliko changu. Sijalala vizuri mchana kwa habari hiyo.

Kibaya zaidi, Chuma yuko juu ya paa lake, anageuza antena, ananipungia mkono. Kila mtu mtaani anamwona. Antena yetu nayo imeinama tangu mvua zile. Mke wangu kasema fundi atakuja kesho, nisiguse.

Kesho! Ngazi ya Chuma ilikuwa bure pale ukutani kwake, nimeihamishia kwetu. Mguu mmoja wa ngazi ni mfupi kidogo, nimeuwekea jiwe. Ndala zinatosha. Nitakuwa nimeshuka kabla mke wangu hajamaliza kuwapima.