Barua ya Kumkataa Msuluhishi wa Duka

Alhamisi, 15 Februari
Sweta mpya niliyonunuliwa kwenye duka la Harlan na Pike imechuja rangi ndani ya mashine ya kufulia. Blanketi la viraka la mke wangu Lorraine, lililokuwa humo humo, kazi ya mikono ya marehemu mama yake, limegeuka kijani. Hasemi nami. Nimemwapia: nitawapeleka kortini! Wajibu mbele ya baraza la raia kumi na wawili wa jimbo letu la Ohio!

Ijumaa, 16 Februari
Nimesoma masharti ya duka. Kumbe mteja haendi kortini. Kesi inaamuliwa faragha na msuluhishi wanayemleta wao! Isipokuwa uwatumie barua ya kumkataa, kwa posta, ndani ya siku thelathini tangu ununue. Zinaisha Jumatatu. Nimeandika. Shemeji Duane akasema niitume leo leo, niache vituko. Haraka ya nini? Na kofia yake imetoka duka lile lile. Simwamini.

Jumamosi, 17 Februari
Karani wa posta kasoma bahasha, kaniuliza kama nina ugomvi na Harlan na Pike. Inamhusu nini? Nimeondoka na barua yangu. Nitaituma Jumatatu, mji mwingine, wasipate nafasi ya kuipoteza. Hawanipati!

Jumatatu, 19 Februari
Nimeendesha gari hadi Findlay. Posta imefungwa. Sikukuu ya Marais! Nina miaka hamsini na minane katika nchi hii, na nimesahau. Duane kacheka mpaka akakohoa: “Shemeji, hata marais waliokufa wamekupiga chenga!” Sijui nimwambie nini Lorraine. Naona aibu.

Jumanne, 20 Februari
Nimekiri. Lorraine akaweka risiti ya posta mezani. Akaunti ya duka mtandaoni ni yake, sweta kanunua yeye, na barua yake aliituma Ijumaa. “Vern, mimi nakujua.” Tumecheka pamoja! Tukampigia wakili, naye kakubali kesi. Ametuonya tu tusikubali tena sharti lolote la duka.

Jumatano, 21 Februari
Sikulala vizuri. Je, wakidai barua haikufika? Lorraine alipokwenda kazini nimeingia kwenye akaunti yake, nipeleleze. Wameweka kizuizi, wajanja hao: masharti mapya, kurasa arobaini, ukubali ndipo upite. Nani ana muda wa kusoma? Nikabonyeza Nakubali, nikapita. Hawakushtuka hata kidogo! Lorraine akirudi nitamweleza jinsi nilivyowazidi akili.