Divai ya Machi

Jumanne, 22 Aprili

Nimedharauliwa nyumbani kwangu. Na mtoto wangu wa kuzaa!

Violeth amekuja kutoka Mbulu kwa ajili ya harusi yake, Jumamosi ya wiki ijayo. Akaniamkia vizuri, akanywa chai, kisha akasema meza kuu itawekewa divai ya Didas. Didas huyu jirani! Yangu wapewe watu wa jikoni, kama watapenda.

Nikamkumbusha kwamba mimi na Didas tulinunua miche ya zabibu siku moja, kwenye fungu moja. Mteremko ni ule ule wa mlima Hanang. Mvua ni ile ile. Violeth ni nesi, akanijibu kwa ile sauti ya kumpa mgonjwa majibu mabaya. Zangu ziliiva Machi mwaka jana, katikati ya mvua, zikavimba maji na kupasuka. Za Didas ziliiva Agosti, kiangazi.

"Baba, yako ni maji yenye rangi."

Nimesusa chakula cha mchana. Nilikula baadaye, jikoni, nimesimama.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Didas kupeleleza. Nikajifanya naazima jembe. Akanikaribisha ndani, akanimiminia. Kwa ajili ya uchunguzi nilikubali kuongezewa, na kuongezewa tena.

Lo! Ni nzuri. Ni nzuri hadi meno yanauma kwa wivu.

Hakuficha kitu. Alisema jua la kiangazi linazitia zabibu utamu, na baridi ya mlima usiku inazibakizia ukali kidogo, ndiyo maana divai haichoshi mdomoni. Mwaka juzi alichelewa, mvua za Novemba zikamkuta na vishada shambani. Divai ya mwaka ule hata mbuzi aliikataa. Akacheka sana akisimulia. Mtu gani anacheka kosa lake mwenyewe?

Njiani nikapata wazo, nikasimama kabisa. Kumbe zabibu zangu zilikosa jua tu! Jua lipo. Divai ipo. Wakutane!

Jembe nimelisahau kwake.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefungua chupa zote, nikatia sukari kila moja, nikaziba kwa nguvu na kukaza waya. Kisha nikazilaza juu ya bati. Mke wangu Letisia akauliza naanika nini. Nikamwambia naiondoa Machi kwenye divai. Akaniangalia kidogo, akaingia ndani.

Jua halikutoka. Ukungu umeufunika mlima kutwa nzima, kama vile umetumwa na Didas.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua! Jua kali! Nilikaa uani nikijisifu.

Mchana chupa ya kwanza ikapasuka. Nikadhani ni jiwe la watoto. Ikapasuka ya pili, halafu zikaanza kuitikiana. Letisia akaingia chini ya meza na rozari. Didas akaja mbio na panga, akidhani tumevamiwa. Akanikuta nimelala kifudifudi kwenye maharage, divai inachuruzika kutoka kwenye bati.

Hakucheka. Aliweka panga chini, akaomba ufagio, akafagia vioo uani kwangu hadi mwisho. Hapo ndipo aliponiumiza. Angecheka tu!

Zimesalimika chupa chache, zilizokuwa upande wa kivuli.

Jumapili, 4 Mei

Harusi imepita. Niandike kabla Letisia hajarudi kutoka kanisani.

Jana niliwahi ukumbini kabla ya watu. Chupa za Didas zilikuwa na plasta yenye jina lake, na zangu zilizosalimika, kule jikoni, yenye langu. Nikazibandua. Plasta za Didas kwenye chupa zangu, plasta zangu kwenye za Didas, zote nikazipanga meza kuu. Kazi safi! Wakionja, wamcheke yeye.

Mambo yalikwenda kama nilivyotaka. Mzee Ignasi, baba wa bwana harusi, alionja chupa yenye jina la Didas, akafumba jicho moja. Akaonja yenye jina langu. Akaonja tena. Akaomba kipaza sauti! Akawatangazia watu wote kwamba mkwe wake, Baba Violeth, ndiye bingwa wa divai. Makofi. Vigelegele. Nikasimama, nikapunga mkono.

Kisha Didas akaonja kwenye glasi yake. Akaitambua. Niliona uso wake ukibadilika. Akanitazama, akamtazama Violeth katika shela lake, akachukua kipaza sauti.

Akasema, "Ni kweli wazee. Mwaka huu jirani yangu amenishinda. Tumpongeze."

Akakaa.

Ukumbi mzima ukamshangilia kwa unyenyekevu wake, kuliko walivyonishangilia mimi kwa divai! Mzee Ignasi akaenda kumkumbatia. Hata ushindi wangu ameushinda.

Tena Mzee Ignasi akasema si vizuri divai ya muungwana kama yule ibaki. Akanijazia glasi kubwa ya ile yenye jina la Didas, ninywe kwa heshima yake, watu wakitazama. Nikanywa yote. Mate yananijaa mpaka sasa. Violeth akanipa kitambaa, akaninong'oneza, "Machi hiyo, Baba. Nimeijua."

Jumatano, 7 Mei

Letisia aligoma kunipikia mpaka nikaombe radhi. Nimekwenda. Didas alikuwa shambani akipogoa. Hakuniacha nimalize, akasema yamekwisha. Akanipa mkasi, akanionyesha nikate wapi. Alisema nikipogoa wiki hii, mvua zikiisha, zabibu zitaiva kiangazi kama zake, na divai yangu itakuwa nzuri kama yake. Akajitolea kuja kunisaidia kesho. Nikashukuru sana. Machozi yalinilengalenga.

Nimefika nyumbani, nimekaa, nimetafakari.

Mtu atoe siri yake bure? Aje na kunisaidia? Anataka tuvune siku moja ili nisimtangulie! Nilikuwa karibu kuingia mtegoni.

Kesho akija nitamwambia mgongo unauma. Sipogoi sasa. Nitapogoa Novemba, kimya kimya, na Machi nitakuwa wa kwanza kuvuna hapa kwetu Endasak nzima.