Bwana Afya wa Makopo Arobaini

Tangazo lilibandikwa nje ya duka la dawa mjini: makopo ya bluu ya dawa ya chunusi yamewekewa lebo zisizo zake, yarudishwe. Wengine waliosoma waliguna wakapita. Leodegar alisoma akaona mtaji.

"Kosa liko kwenye karatasi," alijiambia. "Dawa ina kosa gani?" Angeyakusanya bure, abandue karatasi, akayauze Kinondoni. Basi akavaa kaptula ya kaki na kofia ngumu ya kizungu, akapanda baisikeli yake mpya hadi Keko kwa maseremala. Mwaka huo wa 1954, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ilitosha kumfanya mtu serikali.

Mjane Demetria alikuwa na makopo arobaini kibandani.

"Shikamoo, mama. Mimi Bwana Afya."

"Marahaba, baba. Tumekungoja kweli!"

Tapeli mwenye akili angejiuliza kwa nini anangojwa. Wetu alitabasamu tu.

"Makopo haya nayachukua. Dhamana ni yangu."

"Hata ya yale niliyokwisha uza?"

"Hata hayo."

"Basi weka sahihi, baba. Na useme kwa sauti, mie sikio moja zito."

Leodegar akatia sahihi yenye mikia mitatu, akatangaza dhamana yake mpaka misumeno ikanyamaza. Maseremala kumi na mmoja wakatoka karakanani, nyuso zimebabuka. Ndani ya makopo mlikuwa na dawa ya kulainisha sugu za miguu. Walikuwa wamempa Demetria hadi adhuhuri awalipe, ama wakivunje kibanda chake, na mama wa watu hakuwa amelala siku tatu kwa hofu.

"Ndiye huyu?" aliuliza fundi Marselino.

"Ndiye. Sahihi hii hapa."

"Jamani, mie si Bwana Afya!" Leodegar alilia. "Mie tapeli tu!"

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwaka ule, na hakuna aliyeliamini.

"Wakubwa wote wakibanwa husema si wao," alisema Marselino. "Lipa, au jipake."

Leodegar alijishika shavu. Uso ule mzuri ndio uliokuwa ukimlisha. Akaachia baisikeli, kofia na viatu, akageuka kwenda zake pekupeku.

"Bwana Afya!" Demetria alimkimbilia na kasha, anacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mali ya serikali hiyo, baba. Mie siwezi kubaki nayo."

Akamtwika makopo yote arobaini.