Mbwa wa Mtani

7 Juni 1909, Jumatatu

Nimeamua kuandika. Mdachi mmoja wa reli niliyemshonea suruali huandika mambo yake kila siku, na sioni ananizidi akili gani mimi, Abasi, fundi cherehani wa kwanza mjini Morogoro. (Tuko wawili. Yule mwingine hajui kushona mifuko.)

Jambo la kwanza: mbwa. Jirani yangu Salehe Mnyamwezi ana mbwa aitwaye Hongo, kwa jina la ule ushuru ambao machifu wa bara waliwatoza wapagazi zamani, maana hakuna apitaye mbele yake bure. Salehe mwenyewe alikuwa mpagazi. Reli imefika, misafara imekufa, naye akapiga kambi ubavuni mwangu na mnyama huyu. Alfajiri anabweka. Adhuhuri anabweka. Anabwekea kuku, majani, kivuli cha kofia yangu. Cherehani ikilia tu, naye huyo! Leo nimeshona mkono wa kanzu shingoni.

Ningevumilia. Lakini Jumamosi Mzee Hatibu anateremka kutoka Kinole kuja kuitazama nyumba yangu. Mzee Hatibu ni mjomba wake Hidaya, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kusema mpaka akaukwe na mate. Hidaya! Ana mwanya, ana cheko... Siandiki zaidi. Mzee ametuma neno kwamba mpwa wake ataolewa kwenye nyumba tulivu. Tulivu! Nisipomnyamazisha mbwa huyu kabla ya Jumamosi, Hidaya ndiyo basi tena.

Nimekwenda kushtaki kwa jumbe. Akaniuliza mshtakiwa ni kabila gani. Nikasema Mnyamwezi. Akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Akasema Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na kesi za watani yeye hasikilizi: mtani akikutukana unacheka, akichukua kitu chako unacheka, na siku ukifa ndiye atakayekuzika huku akikudhihaki. Hayo nayajua tangu utoto. Mimi nilikwenda kwa habari ya mbwa!

8 Juni, Jumanne

Nimepata akili. Mlevi hulala. Basi nikamwendea Bi Regina wa ng'ambo ya njia, Mkristo wa misheni anayepika pombe ya mtama, nikamwomba kata moja. Akaniangalia sana. Nikamwambia si yangu, ni ya mbwa. Akaniangalia zaidi.

Nikachovya ugali, nikautupa uani kwa Salehe. Hongo akala wote, akasinzia. Alhamdulillahi! Nikakaa kwenye cherehani kama sultani. Sikumaliza hata pindo moja. Kumbe mbwa mlevi habweki: anaimba! Ameimba hadi magharibi, shingo kaielekeza milimani. Salehe akaja kunishukuru kwa kumlisha mbwa wake. Akasema sauti ile imemkumbusha kwao Tabora, na mtu mzima akalia machozi mlangoni pangu.

Bi Regina ametangaza mtaa mzima kwamba fundi Abasi ameanza kulewa na anamsingizia mbwa.

9 Juni, Jumatano

Hivi mimi ni fundi wa nini? Jibu la tabu zangu lilikuwa mkononi mwangu siku zote. Nimeshona kifuko cha mdomo wa mbwa. Kaki nzito, kamba mbili za kufungia kisogoni, na vitundu vya kupumulia, maana mimi si katili. Kazi safi. Yule fundi mwingine asingeweza.

Salehe alipokwenda stesheni kubeba mizigo, nikaingia uani kwake. Hongo alinitazama kama mtu aliyekuwa ananingoja. Nikainama nimvishe. Astaghfirullahi! Akanilamba kutoka kidevuni hadi kwenye jicho, ulimi wote! Najisi hiyo, nami nina udhu wangu wa adhuhuri! Mbio mtoni. Kuosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Maji ya mlimani mwezi huu yanakata kama wembe. Wanawake waliokuwa wakifua wakaniona najipaka matope usoni nikitetemeka, wakaniuliza kama ndiyo dawa ya mapenzi aliyonipa mganga. Mmoja wao ni shangazi yake Hidaya. Niliinamisha uso nikaendelea kuosha.

Nimerudi, nimemkuta Salehe kakitundika kifuko shingoni, ndani katia tumbaku. Kanisifu mno. Ameomba cha pili, cha rafiki yake.

10 Juni, Alhamisi

Nimelala nikiliwaza jambo hili na nimeamka mshindi. Jumbe alisema nini? Mtani akichukua kitu chako, unacheka. Sasa mimi si mtani? Mbwa si kitu? Wallahi, sheria yote iko upande wangu na sikuiona!

Asubuhi nikamfunga Hongo kamba (mkono nimeuzungushia gunia), nikampeleka stesheni, nikamkabidhi fundi mmoja wa reli aliyekuwa akielekea Ngerengere na alitaka mlinzi wa mahema. Gari la moshi likaondoka. Hongo akatoa kichwa akalibwekea hilo gari lenyewe. Nilisikia raha hadi kwenye vidole vya miguu.

Nikamwambia Salehe usoni kwamba mbwa wake nimemchukua kwa utani. Akachungulia uani kwake. Kisha akacheka, akanikumbatia, akasema kumbe mimi ni mtani kweli, maana siku zote alinidhani mtu mwenye kinyongo. Akaingia kwangu, akaitwaa ile kanzu mpya ya hariri niliyojishonea kwa ajili ya Jumamosi, akaivaa, akatoka nayo huku anaimba.

Nikacheka. Nilicheka vizuri tu. Meno yananiuma hadi sasa.

11 Juni, Ijumaa

Utulivu! Nimeshona kanzu mbili na mikono yake iko mahali pake. Nimefagia uwanja. Nimenunua mchele na kuku. Bi Regina amekubali kunipikia, ingawa amenusa pumzi yangu kwanza.

Baadaye, siku hiyo hiyo: amerudi. Kutoka Ngerengere, kwa miguu! Tena hakurudi peke yake. Ameoa. Mke ni mwekundu, mwembamba, na ana sauti kali kuliko yake. Salehe amechinja mbuzi.

12 Juni, Jumamosi



Mzee Hatibu alifika kabla ya adhuhuri, fimbo mkononi, Hidaya nyuma yake na kapu la ndizi. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akatega sikio. Kimya. Mbwa wote wawili wamelala juani kwa shibe ya mbuzi, hata mkia hautikisiki! Mzee akasema hapa pametulia kuliko kwake Kinole. Hidaya akaenda uani kumsaidia Bi Regina kupakua, na alipopita alinitazama akatabasamu. Mwanya niliuona. Niliona na maisha yangu yote ya mbele, na watoto ndani yake.

Ndipo Salehe akaingia. Kavaa kanzu yangu. Hakubisha hodi, hakunawa, akakaa juu ya mkeka akavuta paja la kuku. Akamwamkia Mzee, kisha akamweleza kwamba mimi ni mtumwa wake na kanzu hii kaitwaa kwangu. Alinipata kwa kibaba cha chumvi siku za misafara, na aliyeniuza alimwongezea na mbwa juu kwa kuwa alinionea aibu. Akasema nikiona mdudu nalia, na wanawake wa mtoni watatoa ushahidi kwamba najipaka matope. Mzee Hatibu alicheka mpaka akashika mbavu! Akamjibu kwamba Wanyamwezi wamebeba mizigo hadi shingo zimezama mabegani, ndiyo maana wanaiba kanzu za watu wafiche. Salehe akagaragara. Uani Hidaya alikuwa hoi kwa kicheko.

Nilipaswa kucheka. Basi tu. Mtoto mdogo wa Kiluguru anajua hilo. Lakini nilikuwa naitazama hariri yangu, na tone la mchuzi likidondoka juu yake taratibu. Nikasimama. Nikamwita Salehe mbwa, na baba yake mbwa, na nikasema kwa hasira, hasira ya kweli, nimekunja na ngumi.

 Salehe aliweka lile paja chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Mzee Hatibu akachukua fimbo yake, akasema hajawahi kuona mtu aliyemkasirikia mtani wake. Akauliza nikifa nitazikwa na nani. Akamwita Hidaya wakaondoka, na Hidaya hakugeuka nyuma.

Nyumba ilikuwa tulivu sana. Nimelia. Sioni haya kuandika.

13 Juni, Jumapili

Bi Regina katoka kanisani na habari. Alikutana na Hidaya kwa shangazi yake. Mzee amesema kosa langu lina dawa: Ijumaa, siku ya soko, nimpelekee Salehe kuku jike mweupe mbele ya wazee, nicheke, yaishe. Na Hidaya mwenyewe anasema yeye angependa kuwa na mimi, kwa sababu tangu anijue hajawahi kukaa siku nzima bila kucheka. Sikuelewa, mimi si mtu wa mizaha. Lakini nilifurahi hadi nikamwamkia Hongo.

Kuku jike mweupe. Basi! Bi Regina amerudia mara kadhaa: nisibuni jambo jingine lolote, nichukue kuku, nipeleke, nirudi. Kana kwamba mimi ni mtoto.

18 Juni, Ijumaa

Nieleze kwa utaratibu, ili siku moja watu wenye haki wahukumu.

Bi Regina ana jogoo mwekundu anayewika saa zote, hata mawingu yakipita. Nikafikiri: Salehe ni lazima apokee kuku wa suluhu, na ni lazima amtunze. Je, akiwa ndiye huyu? Jogoo awike, mbwa wabweke, Salehe akose usingizi yeye, ahame! Nipate mke na utulivu kwa kuku mmoja! Nani mwingine mjini hapa angeliona hilo? Shida ilikuwa rangi tu. Nikamwambia Bi Regina ni wa kitoweo, akaniuzia; nikampaka chokaa. Kilemba chake chekundu cha kichwani nilikifunika kwa kikofia cheupe nilichokishona, chenye kamba chini ya kidevu.

Wazee wamekaa. Mzee Hatibu katikati. Salehe kavaa kanzu yangu, kaifua, inang'aa. Nikamkabidhi. Nikacheka, kicheko kizuri nilichokifanyia mazoezi tangu Jumatatu. Salehe machozi yakamtoka kwa furaha, akamkumbatia kuku. Mzee akaanza kutabasamu.

Jogoo akajikung'uta.

Chokaa ikaruka kama moshi wa gari. Wazee wakapiga chafya mmoja mmoja. Ilipotua, Salehe alikuwa amemshika jogoo mwekundu aliyevaa kofia, na jogoo akawika usoni pake. Hongo na mkewe wakaitikia. Mzee Hatibu akauliza kwa upole kama kweli nimekuja kuomba suluhu kwa jogoo, alama ya kutaka vita, tena jogoo wa uongo. Nikasema kwamba mwanga ulikuwa hafifu. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Aliyecheka ni Salehe peke yake. Alisema huu ndio utani mkubwa kuliko wote aliowahi kufanyiwa, na kwamba amenisamehe. Mzee alimtazama muda mrefu. Akamwuliza kama ana mke.

17 Julai, Jumamosi

Siku nyingi sikuandika. Nilikuwa na kazi. Nililetewa hariri nyingine, kanzu ya bwana arusi, shingo ya nakshi. Vipimo nilikuwa navyo tayari. Na gauni la bibi arusi nimeshona mimi pia, kwa kuwa yule fundi mwingine angeliharibu. Hidaya alikuja kulijaribu. Alisema nimelishona vizuri sana, asante kaka Abasi. Kaka! Nilikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

Leo wameondoka kwenda Kinole. Salehe atakaa ukweni, ndivyo kwetu kwa mgeni asiye na ukoo. Aliniaga kwa kunikumbatia, akaniambia kwamba milimani kuna chui, hawezi kuwapeleka wanyama wake kuliwa, na kwamba hakuna anayempenda kama mimi, mtani wake. Akanikabidhi kamba: Hongo, mkewe, na watoto walio njiani. Jogoo alikwisha kumwingiza uani kwangu tangu asubuhi. Mtani hakataliwi. Nilicheka.

Jioni hii mgeni aliyepanga ile nyumba ya Salehe, Yakobo, mwalimu wa misheni, amenijia uso umemvimba kwa kukosa usingizi, analalamika kwamba mbwa wangu wanabweka. Watu wengine hawajui kabisa kuishi na majirani! Nimemwambia akamshtaki mtu mwingine.

Lakini nimekaa nikatafakari, nimeona jambo ambalo hakuna mwingine mtaani aliyeliona. Salehe amehama. Nilichokipigania tangu siku ya kwanza nimekipata: hakuna tena mbwa wa jirani anayebweka ubavuni mwangu.

Nimeshinda. Kesho naanza na huyu Yakobo.