Mashimo ya Bibi Hedwiga

Jumapili, 1 Machi
Mpango umepatikana! Leo baada ya misa Devotha kasema bibi yake, Bibi Hedwiga wa hapa Kitura, ni mpweke mno. Mume alishafariki, watoto wako Songea na Dar, na Devotha mwenyewe anafundisha Mbinga mjini. Mwanamume atakayemjali bibi yake, huyo ndiye Devotha atakayemfikiria kwa ndoa. (Mimi ni Mwanglikana, lakini kwa ajili ya Devotha hata misa ya kwanza nawahi.) Bahati mbaya Egidi wa bodaboda naye alikuwa katega sikio. Thubutu! Mimi Zabron, mtoto wa Liuli kule ziwani, nishindwe na Egidi?

Jumanne, 3 Machi
Nimeenda kwa Bibi na dagaa wangu wa ziwani, wale wazuri, siyo wa kuuza. Shikamoo, marahaba. Akanisogezea kigoda, akasema niketi tuzungumze. Nikakataa kwa adabu. Sikuja kukaa, nimekuja kusaidia! Egidi ndiye alikuwa kajikalia jikoni tangu asubuhi, anapukuchua mahindi, anasikiliza habari za marehemu babu, kikombe cha togwa mkononi. Mvivu kupindukia.

Wakati natoka nikaona shamba lake pale nyuma kwenye mteremko. Masikini Bibi! Mashimo matupu, juu mpaka chini. Nguruwe, hakuna mwingine. Na si kwake tu, majirani zake wote wamechimbuliwa hivyo hivyo. Mwezi wa pili huu nauza dagaa huku milimani na hakuna anayelalamika. Watu wapole sana.

Alhamisi, 5 Machi
Egidi kampeleka Bibi Mbinga, kliniki ya macho. Watalala kwa ndugu. Kazurura naye tu! Mimi nikabaki na jembe. Nimefukia mashimo yote, mpaka jua linazama. Mikono imetoka malengelenge, lakini shamba sasa limenyooka, unaweza kuchezea mpira. Mama Mektilda, jirani, alipita njiani akaweka mikono kichwani. Nikampungia.

Jumamosi, 7 Machi
Mungu wangu.

Yale mashimo ni ngoro. Wamatengo, wenyeji wa huku milimani, wenyewe ndio huyachimba! Wanapanga nyasi kwa miraba, wanafunika udongo, wanapanda maharage juu, shimo la katikati linashika maji ili mvua isikokote udongo wa shamba. Bibi alikuwa kashapanda. Jana usiku mvua ikanyesha, na udongo pamoja na mbegu viko mtoni.

Haya yote kanieleza Devotha, kasimama, hakucheka hata kidogo. Egidi alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema nilidhani ni nguruwe. Akaanza upya.

Bibi hakunifokea. Alitazama shamba akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Chakula chake cha mwaka kile. Niliumia, nasema kweli. Sikula jioni.

Jumatatu, 9 Machi
Kumbe hali si mbaya! Jana kanisani wametangaza, na leo Kitura nzima imehamia kwa Bibi. Wanaume wakafyeka nyasi na kuzipanga, akina mama wakafunika udongo, kila mmoja kaleta konzi ya mbegu. Miraba yangu ilipinda, Mama Mektilda akaniondoa na kunipa kazi ya kuteka maji. Mchana kukawa na ugali, maharage, pombe, na kelele mpaka ng'ambo ya mto. Bibi yuko katikati anacheka, anawasimulia wageni habari ya nguruwe. Kasema tangu mzee wake afariki, uwanja huu haujasikia sauti nyingi hivi.

Yaani ni mimi niliyewaleta wote! Egidi na pikipiki yake angeweza?

Jioni Bibi kanishika mkono. Kasema kesho nije mikono mitupu, bila jembe, bila dagaa, niketi tu.

Jumanne, 10 Machi
Nimewaza sana. Mikono mitupu? Wazee wana haya, hawasemi wanachotaka. Bibi anataka sauti! Nikaenda na redio yangu kubwa, nikaifunga kwenye nguzo ya baraza, nikafungulia mpaka mwisho. Sasa hatahitaji mtu tena maisha yake yote.

Bibi alifurahi mno. Alikuwa ananieleza kitu, midomo inacheza, sikusikia neno. Akanionyesha kigoda. Devotha (kaomba ruhusa shuleni!) na Egidi walikuwa wameketi karibu naye, karibu sana, wanachambua maharage kwenye ungo mmoja. Wavivu wamekutana. Devotha atachoka naye tu, namjua.

Mimi sikukaa, nina haraka. Kule bondeni kuna Mzee Othmar, naye anaishi peke yake, na mibuni yake ya kahawa, masikini, imesongwa na migomba kila upande, kivuli kitupu. Hata hajui nakuja. Panga nimeshalinoa.