Besi Imelegea, Mimi Sijalegea

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimepata wazo kubwa. Nimelipata kwa hasira, lakini wazo ni wazo.

Kisa chenyewe: daktari mkuu wa zahanati anastaafu, na bendi yetu itapiga Jumamosi kwenye sherehe ya kumuaga. Ameomba wimbo mmoja tu, ule wa roki wa zamani, wa wale jamaa wenye nywele mpaka kiunoni. Sawa. Nani apige besi? Miaka minane swali hilo halijawahi kuulizwa! Besi ni mimi. Lakini leo Kinyozi, ambaye ndiye kiongozi na mwenye gitaa, amejikuna kisogo, akamtazama Shemeji, akasema atakayeushika vizuri kufikia Ijumaa ndiye atakayepiga. Mwingine atabeba spika.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Alikuja kwetu kwa siku mbili, hii ni wiki ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikumpa jembe, na yeye kajichukulia besi.

Kinyozi akatuonya. Besi ya wimbo huu imelegea makusudi. Haikai juu ya ngoma, inakuja nyuma kidogo, kama mtu aliyechelewa kikao na wala hana haraka. Ukiikaza umeiua. Ukiiachia sana, imekufa vilevile. Sikuelewa hata kidogo. Nikaitikia kwa kichwa. Shemeji naye akaitikia, tena kwa madaha.

Sasa wazo: kanda ya wimbo huo ni moja tu, ya Kinyozi. Nimeiazima kabla Shemeji hajafumbua mdomo. Atajifunzia wapi? Hewani?

Jumanne, 5 Agosti

Ana simu. Sikufikiria simu.

Amekaa kwenye kochi langu, kaziba masikio, anausikiliza wimbo na kutikisa mguu. Nikamwambia kwa upole kwamba simu huchuja sauti, kitu halisi kiko kwenye kanda. Akasema asante sana shemeji, akaongeza sauti.

Mimi nina kanda ila sina redio. Ndiyo, ni fundi redio. Mganga hajigangi. Redio kaseti yangu niliing'oa mota mwaka juzi nikampachikia mteja aliyekuwa karibu kulia, na mke wangu sasa anahifadhi vifungo humo ndani.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kwenye rafu dukani ipo redio kaseti ya Mama Mkunga, yule mkunga mstaafu aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa huu, mimi nikiwemo. Aliileta kutengenezwa mwezi uliopita. Kwenye mpini kuna kikaratasi changu cha ugonjwa, nimekifunga kwa uzi. Sikukisoma. Fundi wa kweli huujua ugonjwa kwa sikio. Nikaiwasha. Inaimba! Sijui aliileta ya nini. Wazee bwana.

Nimesikiliza mara sita. Kinyozi alisema kweli tupu. Besi inakwenda, inakwenda, halafu ghafla inazama, noti inashuka kama mtu aliyekosa ngazi, kisha inainuka na kukimbia kuwahi wenzake. Na wenzake wenyewe wanazama pia! Ngoma, gitaa, mpaka mwimbaji. Bendi nzima inamsubiri mpiga besi. Hao watu walikuwa na heshima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunga duka tangu asubuhi. Nimetundika kibao cha NARUDI SASA HIVI.

Sielewi. Kuzama kwenyewe hakufuati beti wala kiitikio. Mara kunakuja katikati ya neno! Nimechora meza yote kwa chaki: hapa teleza, hapa ngoja, hapa kimbia. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeegemea ile meza, nimefuta nusu ya wimbo kwa kiwiko. Nikaanza upya. Kidole cha shahada kimetoa lengelenge.

Mke wangu akaleta chakula, akasikiliza, akauliza kama hiyo redio inaumwa. Nikamweleza kwamba hiyo ni sanaa. Akasema basi sanaa inaumwa. Ukoo wao wote wanajua kila kitu.

Alasiri nikaenda kumchunguza Shemeji. Nilisimama juu ya ndoo nyuma ya dirisha la sebule. Ana besi ya kuazima, anapiga imenyooka, nyuma ya ngoma kidogo tu, hazami hata mara moja. Amekosea wimbo mzima! Nilikaribia kumwonea huruma. Ndoo ikapasuka. Jirani akauliza kulikoni, nikamwambia namtafuta paka wetu. Hatuna paka.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Mkunga kaja kuchukua redio yake. Hatari! Nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwambia mgonjwa bado yuko chini ya uangalizi. Maneno hayo yeye mwenyewe amewaambia watu miaka arobaini. Akauliza kama hata nimeifungua. Nikasema kitu kama hiki hakifunguliwi kwa pupa, mama.

Akasema yeye wala hana shida nayo. Ni mjukuu wake anayesumbua kwamba redio mbovu, mbovu. Kwake imeimba vizuri miaka yote, na kila wimbo ameucheza nayo mpaka magoti yakazeeka. Jumamosi atakuja.

Kumbe! Nilijua tu kwamba haina ugonjwa. Mjukuu ndiye mwenye kasoro.

Leo nimezama sawasawa na kanda mara nne mfululizo. Besi ni yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa shida.

Tulikutana dukani kwangu. Ngoma anapiga Mwalimu wa Hesabu, mtu asiyecheka mpaka ahesabu kwanza. Shemeji akaanza. Wakatikisa vichwa kwa utamu. Nikatabasamu kwa siri. Zamu yangu. Nikazama mahali penyewe hasa. Mwalimu akaangusha kijiti. Tukarudia. Nikazama. Kinyozi akashika kiuno. Tukarudia tena, safari hii Mwalimu kashika saa. Akatangaza kwamba nazama kila baada ya sekunde kumi na moja, sijakosa hata moja. Nikamshukuru. Akasema hiyo haikuwa sifa. Akauliza binadamu hujifunzia wapi kitu kama hicho.

Nikawaonyesha redio kwa fahari. Kinyozi akakigeuza kile kikaratasi, akasoma kwa sauti. Mwandiko wangu mwenyewe: INAVUTA KILA BAADA YA MUDA. BADILISHA MPIRA.

Kisha Shemeji akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Nimebadilisha mpira wa mota, ule unaozungusha kanda na uliokuwa umelegea. Dakika saba! Wimbo ukanyooka, na mimi sikuutambua. Nikajaribu kuufuata, vidole vikakataa. Kila baada ya muda ule vinazama vyenyewe.

Spika nitabeba mimi. Walipoondoka nilikaa peke yangu na besi mapajani, nikalia. Nilimwambia mke wangu ni moshi wa risasi ya kuchomelea. Hakunicheka, na hilo likaniuma zaidi. Miaka minane nimekuwa yule anayepiga besi. Kesho watu wataniita yule aliyebeba spika.

Jumamosi, 9 Agosti

Wazo lilinijia nikiwa nimebeba spika ya pili.

Nikamwambia Shemeji kwamba waya wake unakwaruza, akimbie nyumbani akalete ule wa akiba chini ya kitanda changu. Akakimbia. Mke wangu alikuwa ukumbini nami, na ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwangu.

Daktari akasimama katikati ya ukumbi tayari kucheza. Shemeji hayupo. Kinyozi akaniuliza yuko wapi. Nikasema vijana wa siku hizi, kaka, usiwategemee. Akanikabidhi besi kwa meno yaliyokazwa, akasema nikizama atanizika.

Niliapa sitazama. Nikahesabu moyoni. Kumi. Kumi na moja. Nikazama.

Aibu! Daktari akabaki na mguu mmoja juu. Watu wakagongana. Mwalimu akawa ananitazama kama mtihani uliofeliwa na darasa zima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha nikamwona Mama Mkunga. Anacheza. Nikizama, anazama kwa magoti. Nikiinuka, anainuka na kukimbia hatua tatu. Hakosei! Akamshika daktari mkono, akamwonyesha wapi pa kushuka. Kwenye ubeti wa tatu ukumbi mzima unashuka na kupanda kwa pamoja, na Kinyozi na Mwalimu hawana budi kunifuata mimi. Bendi nzima inamsubiri mpiga besi!

Wakaomba turudie. Tukarudia mara mbili. Hapo ndipo Shemeji akaingia, ameshika waya, suruali imechanika kwenye goti. Alipitia dirishani.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji hasemi nami. Mke wangu anasema nami, lakini ni afadhali asingesema. Kioo cha dirisha nitaweka mimi.

Kinyozi amepita. Amesema jana ilikuwa bahati ya mwendawazimu, na kuna sherehe nyingine mwisho wa mwezi, wimbo mwingine, masharti yaleyale: mimi au Shemeji. Akaniachia kanda. Kabla hajatoka akanisihi nijifunze kwenye simu, kwa jina la Mungu. Nikaitikia kwa kichwa.

Mchana Mama Mkunga, aliyeichukua redio yake jana baada ya sherehe, kairudisha. Analalamika nimeiharibu, sasa nyimbo zinakwenda mbio kama zinafukuzwa. Anataka mpira wake wa zamani. Nilikuwa nao bado mfukoni. Nimeurudisha palepale, mbele yake, akafurahi. Nikamwomba aniachie wiki mbili, chini ya uangalizi.

Maana nimelitafakari jambo hili kwa kina. Ukumbi mzima ulicheza. Ukumbi mzima hauwezi kukosea. Basi redio haikuwa na ugonjwa wowote, ni kikaratasi ndicho kilichokosea. Nilikiandika kwa haraka. Nimekichana.

Shemeji yuko kwenye kochi na simu yake. Mwache. Mimi ninacho kitu halisi, na nimeshasikiliza wimbo mpya mara tatu. Ajabu! Huu nao besi yake imelegea vilevile, inazama kila baada ya sekunde kumi na moja. Hawa jamaa lazima walifundishwa na mwalimu mmoja.